Majirani wa kambi: maongezi kuhusu Kongwa na wapigania uhuru

Mbukwenyi!

Aah, vijana mmeitikia kwa aibu aibu hivo, mnadhani Kigogo ni cha wazee peke yao. Haya. Wazee wangu shikamooni, mama zangu shikamooni, wageni karibuni. Nimeambiwa nisizidishe muda manake wapo watu wana ng'ombe wa kunywesha kabla jua halijawa kali, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Nimeombwa niongelee kambi, ile ya wapigania uhuru wa nchi za kusini. Na ukisema kambi hapa Kongwa hakuna anayeuliza kambi gani. Wageni wanakuja, wanashuka kwenye magari, wanaonyeshwa, hapa alikaa Samora Machel aliyekuja kuwa rais wa Msumbiji, hapa alipita Chris Hani wa ANC ya Afrika Kusini, wanapiga picha, wanaondoka kurudi Dodoma kabla ya chakula cha mchana. Mi sina ugomvi na hilo kabisa, waje tu. Ila nikisoma yaliyoandikwa kuhusu hii kambi, na yapo mengi kuliko mnavyodhani, nakuta makamanda, nakuta silaha zilitoka wapi, nakuta nani aligombana na nani, alafu sisi tunatajwa mstari mmoja. "Wanakijiji." Yani babu zako na bibi zako waliokaa na majeshi ya watu miaka na miaka, wakagawana nao maji katika nchi hii kavu, wakaoleana nao, wengine wakazika nao, wote hao wamewekwa kwenye neno moja. Hilo ndo linanikera na ndo nililokuja kulisema.

Turudi nyuma kidogo lakini, manake bila karanga kambi isingekuwepo hapa.

Vita ya pili ya dunia imeisha 1945, Uingereza wana njaa ya mafuta, mafuta ya kula yanatolewa kwa mgao. Mwaka 1946 mkubwa mmoja wa kampuni ya United Africa, anaitwa Frank Samuel, akaja na wazo kwamba huku Afrika Mashariki kuna ardhi kubwa imekaa bure (imekaa bure kwa macho yake, wenye ng'ombe walikuwepo), ilimwe karanga kwa mashine. Serikali ya London ikalipenda. Wakamtuma John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo hapa Tanganyika, akazunguka na wenzake akarudi na ripoti nzuri. Mpango mzima ulikuwa ekari zaidi ya milioni 3, na sehemu kubwa ilikuwa Tanganyika, Kongwa na Urambo na Nachingwea. Wakaanza na hapa kwetu, 1947. Mwaka wa kwanza tu walipanga wafyeke ekari 150,000.

Sasa mnajua wenyewe pori la huku lilivyo. Matrekta waliyoleta mengi yalikuwa mabovu, yameokotwa kwenye mabaki ya vita, wakaishiwa mpaka wakachukua vifaru vya Sherman wakavigeuza matrekta wakayaita Shervick. Kifaru kimetoka kupigana na Wajerumani kinakuja kupigana na mbuyu wa Kongwa! Na mbuyu si mti wa kuusukuma, ukiusukuma unakuta ndani kuna nyuki. Alafu wakimaliza kufyeka wakakutana na udongo. Huu udongo wetu mvua ikikata unashika kama saruji, na karanga inakomaa chini, utaing'oaje? Mvua yenyewe inaanza Desemba inaisha Aprili, na katikati hapo inaweza ikapotea wiki tatu bila kuaga. Mtoto wa darasa la pili wa hapa angewaambia hivo. Ila nani alimuuliza? Walikuja na wataalamu wao, ramani zao, hesabu zao, na mzee aliyekaa mlangoni kwenye tembe yake akawatazama tu.

Januari 1951 serikali ya Uingereza ikafunga vitabu, pauni milioni 36 na zaidi zikafutwa, pesa ambayo kwa wakati ule huwezi hata kuielezea. Karanga zenyewe mnaweza mkakisia. Ila kwa hapa kijijini mradi uliacha vitu. Uliacha reli, ile tawi iliyotoka Msagali, nayo ikang'olewa baadaye. Uliacha majengo, na baadhi Wazungu wakayatumia kwa shule ya watoto wao kuanzia 1948 mpaka 1958. Uliacha mashamba yaliyogeuzwa ranchi ya ng'ombe, ambayo mpaka leo ipo. Na uliacha watu, hili wengi wanalisahau, vibarua waliokuja kutoka mikoa mingi kutafuta mshahara, na wengine hawakurudi kwao. Kwa hiyo Kongwa ilishaanza kuwa na watu wa kila aina kabla hata ya hao wapigania uhuru. Ule mgomo wa 1947 ulioanza na makuli wa bandari ya Dar ukapanda na reli, ulifika mpaka kwa wafanyakazi wa karanga hapa hapa. Yani watu wa hapa walishajua kugoma kabla hata TANU haijazaliwa.

Basi. Sasa twende 1964.

Mwaka uliopita, Mei 1963, viongozi wa Afrika walikutana Addis Ababa wakaunda OAU, yani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na ndani yake wakaunda Kamati ya Ukombozi, makao makuu Dar es Salaam. Kazi yake kukusanya pesa na silaha na kuzigawa kwa vyama vya nchi ambazo bado zinatawaliwa. Vyama vina vijana, vijana wamepelekwa mafunzo Algeria, Urusi, China, na sasa wanarudi. Unawaweka wapi? Dar haiwezekani, bandari ile imejaa masikio, Wareno wana watu wao kila kona (na hawakuwa na mzaha, Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, aliuawa pale pale Dar kwa bomu lililofichwa kwenye kitabu kilichotumwa kama kifurushi). Unataka mahali pa katikati ya nchi, mbali na mipaka, mbali na barabara kubwa, na bora zaidi pawe na majengo tayari. Kongwa ina yote hayo. Makosa ya Waingereza yamekaa pale na mabati yake yanasubiri mpangaji.

Hapa nataka msimame kidogo na mfikirie. Januari 1964, tarehe 20, wanajeshi wetu wenyewe wa Tanganyika Rifles waliasi pale Colito, Dar, Mwalimu ikabidi afichwe, na mwisho akaomba msaada wa Waingereza kuwanyang'anya silaha askari wake, jambo lililomuuma sana. Jeshi likavunjwa. JWTZ mnayoijua ilizaliwa Septemba 1 mwaka ule ule. Sasa nchi ambayo haina hata jeshi la kueleweka, iliyotoka kutikiswa na bunduki zake yenyewe, mwaka huo huo inakubali kuleta vijana wa nchi za watu wenye mafunzo ya kijeshi na kuwaweka katikati ya nchi. Serikali nyingi zingekataa, na sidhani ningezilaumu. Mwalimu alikubali. Na alipokubali yeye Dar, aliyekubali kwa vitendo ni mtu wa Kongwa, manake yeye ndo alilala nao ukuta kwa ukuta.

FRELIMO ndo walitangulia. Wakaja ANC ya Afrika Kusini, lile jeshi lao la Umkhonto we Sizwe, wakaja SWAPO wa Namibia, ZAPU wa Zimbabwe, MPLA wa Angola. Kila chama na eneo lake, kila chama na kamanda wake, na juu yao maofisa wetu wa jeshi wanasimamia. Upande wa ANC kamanda wa kwanza alikuwa Ambrose Makiwane. Upande wa SWAPO walikuwepo akina Tobias Hainyeko na Peter Nanyemba. Samora ametoka Algeria ndo akaja hapa, hajawa rais wala nini, kijana tu aliyesomea uuguzi anafundisha watu kwata.

Na sasa nifike kwenye kitu ambacho ukikielewa unaielewa Kongwa yote. Ni ramani.

FRELIMO walikuwa na mpaka. Ukitoka Tanzania unavuka Ruvuma uko Msumbiji, kwa hiyo wao hawakukaa sana, tarehe 25 Septemba 1964 wameshapiga risasi ya kwanza kule Chai, Cabo Delgado, na baadaye kituo chao kikuu kikawa Nachingwea (ndio, Nachingwea ya karanga, tena, Waingereza walitujengea kambi bila kujua). SWAPO ilibidi wapite Zambia na waende mbali sana, lakini kikundi kidogo kilitoka hapa Kongwa 1965, kwa miguu na kwa lifti na kwa kujificha, kikafika nyumbani, na Agosti 26, 1966 wakapigana pale Omugulugwombashe. Leo hii siku hiyo Namibia ni sikukuu ya taifa, Siku ya Mashujaa. Vijana walioianzisha walikuwa wanachota maji hapa.

ANC je? Wao kati yao na kwao kuna Rhodesia ya Ian Smith, ndo Zimbabwe ya leo, kuna Msumbiji ya Wareno, kuna jangwa. Hakuna njia. Mtu amefundishwa Odessa, anajua bunduki, anajua ramani, anajua baruti, ameletwa Kongwa aambiwe subiri kidogo, na hicho kidogo kikawa mwaka, ikawa miwili, ikawa mitatu. Agosti 1967 kundi moja likavuka Zambezi pamoja na ZAPU kuingia Rhodesia, ndo ile operesheni ya Wankie, wengine walikufa, wengine wakakamatwa, wengine wakatokea Botswana wakafungwa huko, Hani akiwemo. Waliobaki wakaendelea kusubiri. Wengine uvumilivu uliisha, wakawagombeza viongozi wao, wengine wakatoroka. Mi sishangai. Kijana wa miaka 22, umemnoa, umemweka kwenye vumbi la Kongwa bila vita, unategemea nini?

Mnaona sasa? Aliyekuwa na mpaka alipita. Asiye na mpaka alikaa. Na aliyekaa ndo akawa jirani.

Na ujirani ni kazi. Asubuhi wana kwata na mafunzo ya siasa, mchana wana bustani zao manake posho ya Kamati haikuwa ya kuaminika, nchi nyingi za OAU ziliahidi michango kwa sauti kubwa na kutoa kwa sauti ndogo. Sasa bustani Kongwa ni maji, na maji Kongwa ni ugomvi hata kati ya ndugu. Malaria iliwapiga, hasa waliotoka sehemu za baridi. Ugali wa uwele na mtama wengine hawakuuzoea, mlenda ndo usiseme. Lugha ilikuwa shida mwanzoni, huyu anaongea Kixhosa, yule Oshiwambo, yule Kireno, kwa hiyo Kiswahili kikawa cha kununulia vitu na Kigogo kikaja chenyewe kwa wale waliokuwa na sababu za kukijifunza. Sababu mnazijua, msicheke. Walicheza mpira, chama kwa chama na wao na watu wa hapa, na jioni kuna pombe, kuna ngoma, kuna dansi. Wakubwa wao hawakupenda hayo mambo ya kutoka toka, walikuwa na sheria, lakini usiku wa Kongwa ni mrefu na uzio ni uzio tu.

Nisiwapambie. Hayakuwa mapenzi matupu. Unapoweka mamia ya wanaume vijana wenye posho kidogo karibu na kijiji kisicho na kitu utapata ugomvi wa wanawake, utapata ulevi, utapata baba mwenye hasira anayedai ng'ombe wake wa mahari kwa mtu ambaye kesho anaweza kupandishwa lori usiku na asionekane tena. Mtu hawezi kuaga, ni siri ya kijeshi. Leo yupo, kesho hayupo, na mwenzie anakwambia ameenda masomoni. Mwanamke wa hapa amebaki na mimba na neno masomoni.

Hapa nitakaa kidogo, manake ndo penye uzito.

Watoto wa kambi wapo. Wengine ni watu wazima sana sasa, wana wajukuu. Mnawajua, mi siwataji na naomba na nyie msiwataje mkiwa mnapiga stori barabarani, ni maisha ya mtu hayo. Kila baada ya muda unasikia fulani amejaribu kumtafuta baba yake Afrika Kusini. Ana jina. Mama alimwambia baba yako anaitwa fulani wa fulani, akalishika jina lile toka utotoni, akaandikishwa nalo shule. Sasa anafika kwa mtu wa ubalozi au anaandika barua, anajibiwa hakuna mtu wa jina hilo.

Mama hakudanganya. Na inawezekana hata baba hakudanganya kwa ubaya. Ni kwamba hawa watu hawakutumia majina yao. Ukiingia jeshi la msituni unapewa au unajipa jina la vita, ili adui akipata orodha asiende kuwasumbua wazazi wako kijijini kwenu. Chris Hani mwenyewe alizaliwa Martin Thembisile, hilo Chris alilichukua kwa ndugu yake. Archie Sibeko, aliyekuwa mmoja wa wakubwa wa ANC hapa Kongwa, wenzie walimjua kama Zola Zembe. Kama makamanda walikuwa hivo, je askari wa kawaida? Kwa hiyo kuna mtu hapa Kongwa amebeba jina la ukoo ambalo halina ukoo, lilitungwa na kijana mwenye miaka 20 siku anajiandikisha, labda kwa dakika moja, labda aliliona kwenye gazeti.

Sasa faida ya kuandika historia ya majirani ni hii, si kujisifu tu. Mama akikumbuka jina la vita, na akikumbuka mwaka, na akikumbuka yule jamaa alikuwa upande wa nani, alikuwa dereva au mpishi au wa huduma ya kwanza, alikuwa na kovu wapi, aliimba nini, rafiki yake alikuwa nani, hayo yakiwekwa pamoja na kumbukumbu zilizoko kwao mtu anaweza akapatikana. Jina peke yake halitoshi. Na hayo mengine yote yako kwenye kichwa cha bibi wa miaka 80 ambaye hakuna mtu amekwenda kumuuliza, tunasubiri mtafiti atoke Ulaya.

Watu wataniambia, mbona imeshaandikwa. Kweli, na naheshimu. SADC walifanya mradi mkubwa, Brigedia Jenerali Hashim Mbita ndo aliuongoza, yule aliyekuwa katibu mtendaji wa Kamati ya Ukombozi kuanzia 1972 mpaka inafungwa 1994, vikatoka vitabu tisa, 2014. Mzee akafariki mwaka uliofuata. Kazi kubwa, wala sina la kusema. Ila vitabu tisa kwa nchi zote hizo, Kongwa inapata kurasa ngapi, na kwenye hizo kurasa za Kongwa muuza maziwa anapata mistari mingapi? Hilo si kosa lao. Ni kazi yetu, wao hawakuzaliwa hapa.

Kwa hiyo tunafanyaje. Nimekuwa nikikaa na wazee na simu yangu mara kwa mara, si utafiti wa chuo kikuu, ni kukaa tu, na nimejifunza vitu ambavyo nawapa bure.

La kwanza, ukienda kwa mzee ukamwambia "babu nisimulie historia ya kambi" umeharibu. Atajikohoza, atakaa vizuri, ataanza na Mwalimu Nyerere na ukombozi wa bara la Afrika, atakusomea alichosikia redioni na kwenye mikutano, na utarudi nyumbani na dakika arobaini za hotuba. Muulize vitu vidogo. Maji mlikuwa mnachota wapi mwaka ule? Nani alikuwa na pampu? Mlikutana nao kwenye foleni au walikuwa na zamu yao? Mzee mmoja nilimuuliza hilo la maji, kimya kidogo, alafu akaanza kutaja watu mmoja mmoja, nani alikuwa anakuja na ndoo mbili, nani alikuwa mchokozi, nani alikuwa anawabebea akina mama mpaka nyumbani, na katikati ya hayo mkewe aliyekuwa anapepeta uwele pale pembeni, ambaye alishasema yeye hajui kitu, akamkatiza, hapana, huyo unayemsema hakuwa wa ANC alikuwa wa SWAPO, na akataja mpaka rangi ya shati lake. Mzee akanyamaza. Tangu hapo nilimgeuzia simu mama.

Lingine ni miaka. Wazee hawahesabu kwa tarehe, usiwabane na tarehe. Shika alama: ilikuwa kabla ya Uhuru au baada, kabla ya Azimio la Arusha au baada, kabla ya Operesheni Dodoma, ile ya 1971 tulipohamishwa, au tulishahama, ilikuwa njaa ya 1974, ilikuwa wakati wa vita ya Amin. Unampangia hivo vigingi alafu yeye mwenyewe ataweka tukio lake kati ya kigingi na kigingi. Na hilo la Operesheni muwe nalo makini sana, manake mtu akisema "pale nyumbani" anaweza akawa anaongelea mahali ambapo leo hakuna hata ukuta, ni pori, ikabidi mtoke muende naye akaonyeshe. Mkienda naye chukueni kofia na maji, msimrudishe mzee wa watu amezimia.

Makaratasi nayo msiyatupe. Barua, picha, kadi ya kliniki ya miaka hiyo, stakabadhi, hata bahasha yenye stempu. Usiombe kuchukua, piga picha hapo hapo alafu mrudishie mkononi akiona. Tumeshapoteza picha nyingi kwa watu waliokuja wakasema wanaenda kuzisafisha Dar. Na makaratasi ya serikali ya wakati ule msiyatafute Kongwa kwanza, wilaya yetu ni ya juzi juzi tu, miaka ya tisini, kabla ya hapo tulikuwa chini ya Mpwapwa, kwa hiyo kama kuna faili limebaki la nani alipewa kiwanja au kesi gani ilifika kwa bwana shauri, Mpwapwa na Dodoma ndo pa kuanzia.

Na ruhusa. Kuna wamama hawataki kusema, na wana haki. Kuna mwanaume aliyelea mtoto wa mpigania uhuru kama wake, mtoto hajui mpaka leo, unataka uende na simu yako ukabomoe nyumba ya mtu kwa sababu ya historia? Hapana. Ukiambiwa zima, unazima. Ukiambiwa usitaje jina, hutaji, unaandika "mama mmoja wa upande wa kambini" inatosha. Na usirushe sauti ya mtu kwenye magrupu ya WhatsApp, nitawajua tu.

Lipo suala la pesa pia, najua ndo wengine mmekuja kulisikia. Kwamba UNESCO ina mpango wa urithi wa ukombozi wa Afrika, kwamba kutakuwa na makumbusho, watalii watamiminika, kila mtu auze soda. Mi siwauzii ndoto. Mpango upo toka 2005 na ni mzuri, lakini majengo yanabomoka kila masika huku tukisubiri, mengine yamebaki misingi tu na watu wanafungia mbuzi. Watalii wakija, vizuri, tuwapokee. Ila msisubiri watalii ndo mumuulize bibi yako, manake bibi hasubiri bajeti ya wizara.

Na makaburi. Wapo waliokufa hapa hapa, kwa ugonjwa na kwa ajali, hawakuona risasi hata moja, hawakuona kwao. Wengine ndugu zao hawajui wamelala wapi. Kwenye hili nawaomba sana wazee wa kanisani na msikitini, kama mna daftari lolote la maziko la miaka ya sitini, hata limeliwa na mchwa nusu, msilichome mkisafisha ofisi. Mtu wa Durban au wa Ovamboland kule Namibia anaweza akawa anatafuta mstari mmoja tu humo ndani.

Nilisema sitazidisha na naona nimezidisha. Kwa hiyo utaratibu ni huu: kijana anayetaka kushiriki ajiandikishe hapo kwa dada mwenye daftari, uandike jina na mzee unayemjua wewe mwenyewe, wa ukoo wako ndo bora, usichague mzee wa jirani kwa sababu ana stori tamu. Mnaenda wawili wawili, mmoja anauliza mmoja anashika simu, na muwe mmechaji, na muwe na nafasi kwenye memori kadi, futeni hizo video za vichekesho. Mkirudi tunasikiliza pamoja na tunaandika kwa Kiswahili kama alivyosema, na penye Kigogo tunaacha Kigogo.

Maswali sasa. Tunaanza na akina mama, alafu wazee, vijana mtasubiri, maiki ni moja na betri yake siiamini.